Tritoni Waliopelekwa kwa Ngariba

Gitega, 2 Mei 2023

Mjomba Hamadi,

Assalaam alaykum. Natumaini tulipoondoka Idi mliimaliza salama na kwamba goti la mkaza mjomba Aisha limepungua kuvimba. Huku kwetu sote wazima. Mume wangu Hamissi bado yuko mpakani Kobero na malori yake. Anakuja nyumbani kama mgeni, anakula, anasifu mboga, anaondoka. Abubakari amerefuka, akili imebaki pale pale. Babake amemwambia kwamba mwezi wa saba, shule zikifungwa, utakuja kumtahiri kwa mkono wako kama ulivyowatahiri wanaume wote wa ukoo wetu, Hamissi mwenyewe akiwemo. Sasa mtoto wa miaka saba anazunguka mtaa mzima akiwadharau wenzake kwamba wao bado.

Nakuandikia kwa karatasi kwa kuwa simu yako haishikwi. Nasikia umeifungia kabatini. Sitaki kujua safari hii umemkasirikia nani.

Shida yangu ni hii. Shule ninayofundisha hapa Mushasha inapakwa rangi. Mgeni mkubwa wa kanisa anakuja, basi direkteri ameamua hata labo yangu ya sayansi ipakwe manjano, kana kwamba mgeni atazilamba kuta. Vitabu vya wanafunzi vimekatika katikati, hakuna anayejali, lakini rangi imepatikana. Harufu yake itaniulia wanyama. Unakumbuka Furera Anatoli, yule mtawa mzee aliyefundisha hapa kabla yangu, akarudishwa kwao Ulaya kwa ugonjwa? Aliniachia wanyama wa majini wanaoitwa tritoni. Wakubwa wamekufa, lakini walitaga, na mayai yameanguliwa. Watoto wenyewe wana urefu wa kidole cha mtoto mdogo, miguu minne na mkia bapa. Nusu nimewaweka nyumbani kwangu, nusu nakuletea wewe kwa ndoo, kwa mkono wa Shabani dereva wa basi, maana nyumba yako ina ubaridi na una tangi la maji ya mvua. Maji ya bomba yana dawa, watakufa.

Tafadhali soma vizuri hapa. Wagawe kwenye mabakuli, waliokua zaidi mbali na wadogo, kwa sababu wakibanana wanang'atana miguu. Wape viluwiluwi wa mbu, wapo tele kwenye madimbwi nyuma ya soko. Anayejeruhiwa apewe bakuli lake peke yake na maji yabadilishwe kila asubuhi; mguu utaota upya. Na yale manyoya mekundu pembeni mwa shingo zao ni matamvua, ndiyo pumzi yao. Yasiguswe.

Mpwa wako,
Riziki


Muyinga, 18 Mei 2023

Riziki mwanangu,

Wa alaykum salaam. Goti la Aisha ni lile lile, na mdomo wake pia ni ule ule. Mvua imetuharibia ukuta wa upande wa choo. Mwambie Abubakari nimesikia maringo yake na kwamba wanaoringa mapema ndio wanaolia sana.

Ndoo yako imefika. Shabani aliishusha mbele ya kibanda changu cha kunyolea, watu wamejaa, akapaza sauti: "Mzee Hamadi, mijusi yako iko hapa, mwalimu wa Gitega ametuma." Mijusi. Mimi, niliyelelewa nikiambiwa kwamba mjusi ndiye aliyepuliza moto wa Nabii Ibrahimu, mimi ambaye nikimwona mmoja ukutani navua kiatu, leo napokea ndoo nzima ya mijusi kama mtu aliyeletewa zawadi ya harusi. Watu walicheka mpaka kijana aliyekuwa akinyoa akamharibia mteja panki. Siku hizi kunyoa nimewaachia vijana. Mambo ni mashine tu, hakuna sanaa humo, sioni sababu ya kusimama siku nzima.

Umesomeshwa na mapadri, ukapata shahada, ukaenda kufundisha, na kazi uliyoipata mwishowe ni kulea mijusi ya mzungu aliyeondoka. Marehemu mama yako angecheka au angelia, sijui.

Nimewatia wote kwenye karai moja. Sijaona mijusi ya kupewa kila mmoja chumba chake. Wageni wangu wa kibinadamu wanalala wawili wawili na hawajalalamika. Aisha amekataa kufika uani. "Mi siendi huko," amesema, "mpaka ile kitu itoke." Wameng'atana miguu, ni kweli, na hiyo ni tabia yao, si kosa la karai.

Nimewasafisha. Shingoni walikuwa na uchafu, nyuzi nyuzi nyekundu kama kitambaa kilichochanika. Nilipoupapasa kwa kidole nikajua huu ni ugonjwa, ndio uliokuwa unawafanya wakorofi. Nikautoa kwa wembe mdogo, mmoja baada ya mwingine. Sasa wametulia, baadhi wamelala chini kabisa hawasogei. Ndiyo heshima hiyo.

Huna haja ya kunishukuru.

Mjomba wako,
Hamadi


Gitega, 27 Mei 2023

Mjomba,

Assalaam alaykum. Sisi wazima. Abubakari ana mafua. Hamissi hajarudi. Salamu zimeisha.

Umewakata matamvua. Umekaa na wembe, ukawashika wanyama wasioweza hata kulia, ukawakata mapafu yao ukiyaita uchafu. Nilikuandikia, tena kwa sentensi yake peke yake, kwamba yale manyoya ndiyo pumzi yao. Barua yangu uliifanyia nini, uliifungia maandazi? Direkteri wangu ni mtu wa kupaka rangi kuta zinazoanguka, na hata yeye angeisoma karatasi kabla ya kushika wembe.

Nimewaza sana kwamba mkono wako unakuwasha. Kitu chochote kinachoning'inia wewe lazima ukikate. Kimeo cha mtoto anayekohoa ulikata. Kinyama kwenye kope la Shabani ulikata. Ungekutana na tembo, masikini, angerudi porini bila mkonga.

Sikiliza, na kama husikilizi basi mpe barua hii Aisha akusomee kwa sauti. Watoe kwenye karai leo hii. Kila mmoja bakuli lake. Hata vikopo vya majarini vinafaa, vioshwe bila sabuni. Maji ya mvua, kina cha kidole kimoja tu, ili wasio na matamvua waweze kufika juu kuvuta hewa. Weka kivulini penye baridi. Badilisha maji kila asubuhi. Ukiona kwenye kidonda kitu cheupe kama pamba, hicho ndicho kibaya, ni kuvu. Mchovye huyo kwenye chai ya rangi nyepesi iliyopoa kabisa, isiyo na sukari, kisha mrudishe majini. Usimkwangue. Usimkate kitu chochote tena. Walio hai wakipata utulivu, matamvua yataota, miguu itaota. Mungu amewapa hilo, sisi hakutupa.

Aliyeumia tumboni mpaka matumbo yanaonekana, huyo haponi, na kumwacha ni kumtesa. Tikisa matone machache ya mafuta ya karafuu kwenye maji kidogo, umtie humo. Atalala na hataamka. Hiyo si dhambi.

Waliosalimika kidogo watie kwenye chupa pana, umpe Shabani. Nataka niwaone mwenyewe.

Riziki


Muyinga, 9 Juni 2023

Riziki,

Wa alaykum salaam. Tuko wazima, alhamdulillah. Maharagwe yamekuwa mazuri mwaka huu. Mtoto wa mafua apewe tangawizi.

Nimeisoma barua yako. Nilidhani nimesomesha mpwa, kumbe nimefuga nyoka anayejua kuandika. Hakuna mtu katika mji huu, hakuna, aliyewahi kuniandikia kwamba mkono wangu unaniwasha. Nusu ya wanaume unaowaona wakivuka Kobero na shehena zao wamepita kwenye huu mkono. Nimetahiri watoto wa matajiri, wa masheikh, wa wapagani waliosilimu na ndevu zao. Hakuna aliyerudi kulalamika. Leo nahukumiwa kwa ajili ya mijusi, na mwenye kuhukumu ni mtoto niliyembeba mgongoni siku tulipotoka kumzika mama yake.

Hata hivyo nimefanya ulivyosema, ili usipate la kuongeza. Vikopo vimejaa ua mzima, mtu anapita kwa kuruka. Mafuta ya karafuu niliyonunua kwa ajili ya meno yangu yamekwisha kwa kuwalaza mijusi. Chai nayo wanakunywa. Bado tu waseme wanataka mkate. Aisha ndiye anayewabadilishia maji, maana amegeuka, sasa anawaita "batoto bangu" na anawaimbia. Mimi siwezi kuinama kwenye vikopo, mgongo unauma.

Watano nimekutumia kwa Shabani. Wameumizana sana kabla sijawatenganisha. Usije ukasema ni wembe, ni meno yao.

Tarehe ya Abubakari ni Jumamosi, 22 Julai. Nimekwisha kumwambia Hamissi. Andaa shuka jeupe, jogoo, na mchele wa wageni. Huyu ndiye wa mwisho wa ukoo kwa sasa, nataka afanyiwe vizuri.

Hamadi


Gitega, 19 Juni 2023

Mjomba wangu,

Assalaam alaykum. Abubakari amepona mafua. Tangawizi ilimsaidia, nashukuru. Rangi ya labo imekauka. Mgeni alikuja, akatazama ukuta kidogo, akala, akaenda zake.

Watano wamefika, mmoja akiwa amekufa njiani. Nimewatia kila mmoja kwenye sahani nyeupe nikawatazama kwa kioo cha kukuzia. Nimekaa na barua hii tangu Alhamisi nikitafuta namna ya kuiandika kwa adabu, sikuipata.

Hawa wanyama wakiumana, mguu unachanika. Kingo za jeraha zinakuwa na nyuzi, mfupa mwembamba unabaki umechomoza. Nimewaona wengi hapa kwangu, siwezi kukosea. Mmoja wa hawa uliowatuma mguu wake wa mbele umekatwa sawasawa kama mtu anavyokata kitunguu. Mwingine ana mkato kichwani, ulianzia shingoni ukapita pembeni ya jicho. Huo si wa meno. Ulikuwa unatafuta matamvua, mjomba, na wembe ukaenda kwenye mguu. Ukatafuta matamvua tena, ukaenda kwenye jicho.

Basi nikatoa barua zako zote mbili nikaziweka mezani. Uliniandikia mwaka juzi kwa herufi ndogo nadhifu ambazo ningewaonyesha wanafunzi wangu waone haya. Sasa herufi moja ni kubwa kama kunguni aliyeshiba na mistari inapandiana. Simu umeifungia kabatini. Kunyoa umewaachia vijana, wewe uliyekuwa ukisema mashine ni za kunyolea kondoo. Barua yangu ya kwanza hukuisoma hadi mwisho, penye matamvua. Hukupapuuza, hukupaona. Siku ya Idi ulinimiminia chai, ikajaa kwenye kisahani, nikafikiri umekasirika, nikanyamaza. Nilivyo mjinga, nilikusengenya kwa Hamissi kwamba umekuwa na kiburi hata kwenye birika.

Kwa nini hukusema? Ungenifanya nini, ningekucheka? Ndiyo, labda ningekucheka. Lakini ungenitumia jibu moja tu, "sioni", nami nisingekupelekea ndoo.

Ninaogopa, mjomba. Nimeogopa tangu siku ile nilipowatazama kwenye sahani. Abubakari hatakaa mbele ya wembe wako. Si tarehe 22, si siku nyingine. Nitampeleka hospitali.

Mpwa wako anayekuheshimu, hata kama barua hii haionyeshi,
Riziki


Muyinga, 2 Julai 2023

Kwa Mwalimu Riziki, Gitega.

Salamu ni za wanaozistahili. Aisha anakusalimu, yeye hana msimamo.

Idi ya kuchinja tumesali na tumekula. Hamissi alikuwa hapa kutoka Kobero. Mbuzi nilimwachia yeye kisu mwaka huu, vijana nao wajifunze.

Umetazama mjusi kwa kioo ukaona macho yangu. Hongera. Wazungu wako wamekufundisha kweli. Mtu akimwaga chai, kipofu. Mtu akichoka na simu inayolia kama mtoto asiyenyonyeshwa, kipofu. Kesho utaniandikia kwamba nimekufa kwa sababu umeona kuku wa jirani hana manyoya. Mkono hauhitaji kuona kila kitu. Mkono wangu unajua. Ulijua kabla hujazaliwa wewe.

Hospitali. Unataka mtoto wa ukoo wetu akatwe na kijana aliyevaa glavu za samawati, anayetafuna bazoka, ambaye hata bismillahi hajui inaanzia wapi, kisha apewe karatasi aende nyumbani kama mtu aliyeng'olewa jino. Hakuna atakayemkaribisha mtoto huyo kwenye mkeka. Umefikiri hilo, au ulikuwa unaangalia kioo?

Nimezungumza na Hamissi, naye ndiye baba. Amekubaliana nami. Tarehe 22 nakuja Gitega na mkoba wangu, upende usipende. Ukifunga mlango, nitakaa nje kwenye kiti mpaka mtaa mzima ujue.

Hamadi


Gitega, 6 Julai 2023

Mjomba,

Assalaam alaykum, na hii siipunguzi.

Hamissi amekubaliana nawe kwa sababu hajawahi kubishana na mtu aliyemtahiri. Hajui mtoto wake anapenda kula nini. Nimemwambia hivyo, ameondoka bila kumaliza chakula, na kwa mara ya kwanza hakusifu mboga.

Unataka kuja, njoo. Lakini kwanza nifanyie kitu kimoja. Chagua asubuhi yenye jua, mwombe Aisha akae mbali, upite kikopo kwa kikopo pale uani kwako. Niandikie kwa kila kimoja: aliyemo ana miguu mingapi, ni upi ulioota upya, matamvua yamerudi au bado. Shabani atapita siku hiyo hiyo kuangalia, naye hana akili ya kusema uongo.

Ukipatia, nitamvalisha Abubakari kanzu mimi mwenyewe, nitamleta mikononi mwako, na nitakuomba radhi nikiwa nimepiga magoti mbele ya wazee wote wa msikiti wa Muyinga. Wakitaka waje na ngoma.

Riziki


Muyinga, 16 Julai 2023

Riziki mwanangu,

Barua hii anaiandika Aisha. Nimemkataza kuongeza neno lake, na kama ameongeza, usilisome.

Nilifanya ulivyosema. Jua lilikuwa limeingia uani vizuri. Nilivaa shati safi, sijui kwa nini, kana kwamba mijusi ina adabu ya kutazama shati. Nikainama kwenye kikopo cha kwanza. Nikaona maji. Katikati ya maji nikaona kitu cheusi, nikakaa nacho muda, nikakiona kinasogea. Nikasema kwa sauti, huyu yuko na miguu minne, amepona kabisa. Aisha alikuwa mlangoni anajifanya anachambua mchele. Akaweka ungo chini, akaja. Kisha akasema: "Mzee, humo hamuna kitu. Ule alikufa juzi. Iko jani tu."

Sikuendelea na kikopo cha pili.

Nililia, Riziki. Nilikaa kwenye ngazi nikalia mbele ya mke wangu. Kwanza ilikuwa ukungu upande mmoja. Nikafikiri ni moshi wa jiko. Kisha ukaja upande wa pili. Nyuso nazijua kwa sauti, na barua zako tangu ile ya pili ananisomea Aisha. Tangu kabla ya Ramadhani sijamkata mtoto wa mtu yeyote; nimewaambia wembe uko kwa mnoaji, nimewaambia nina homa, nimewaambia mwezi si mzuri. Nilimtaka Abubakari tu. Nilijidanganya kwamba damu itamjua damu. Nikajaribu kwanza kwa mijusi yako, maana niliwaona hawana thamani. Sasa unajua na hilo.

Mpeleke hospitali. Yule kijana wa glavu hafai hata kunishikia sabuni, na sirudishi neno hilo. Lakini anaona.

Nina ombi moja, na si dogo. Watu wa mji huu wakijua ni macho, watanihurumia. Watanishika mkono kunivusha barabara. Wale niliowacheka walipolia chini ya wembe wangu watakuja kuniletea uji. Siwezi. Afadhali wanichukie. Nataka kusema kwamba umenikataa. Kwamba mpwa wangu amesoma kwa mapadri, akaniona mchafu, akampeleka mtoto kwa wengine, na kwamba kwa uchungu huo nimeweka wembe chini na sitamkata tena mtoto wa yeyote. Hasira wataielewa. Hakuna atakayeleta mtoto wake tena, na hakuna atakayeuliza kwa nini.

Lakini watakuchukia wewe. Shangazi zako, mashemeji, jamaa za Hamissi, wote. Hata Hamissi mwenyewe, maana hawezi kufunga mdomo, hatakiwi kujua. Nimelifikiri hilo kabla ya kumwambia Aisha achukue kalamu. Ukikataa, nitaelewa. Sitapenda, lakini nitaelewa.

Mjomba wako,
Hamadi


Gitega, 25 Julai 2023

Mjomba wangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullah. Nampa pole Aisha kwa kuandika barua ndefu na kukatazwa mdomo kwa wakati mmoja.

Abubakari ametahiriwa Jumamosi. Nilimshika mimi, kwa kuwa babake hakuja. Daktari hakutafuna bazoka, lakini alikuwa na redio ndogo ikicheza mpira, kwa hiyo dharau yako ina mahali pa kukaa. Mtoto alipiga kelele za kumtoa mtu roho, maringo yote yakamwishia pale kitandani. Kidonda ni kizuri. Aliniuliza kwa nini babu wa Muyinga hakuja. Nikamwambia ni kwa sababu mimi na wewe tumegombana, na kosa ni langu. Amenitazama vibaya tangu siku hiyo.

Hukungoja jibu langu, naona. Jumapili nilipigiwa simu na jamaa wa Muyinga ambao sikujua hata kama wana namba yangu. Mmoja ameniambia nimemuua mzee akiwa hai. Mwingine amesema msibani kwangu hatakuja mtu. Dada yake Hamissi amelia kabisa, kisha akaniita kafiri, kisha akaniuliza kama bado nina ile mashine ya kushonea niliyoahidi kumwazima. Hamissi ametuma ujumbe mmoja kutoka Kobero: "We hauna haya." Nimeyaitika yote. Sikujitetea hata kwa neno moja. Nakwambia hili si kwa kulalamika, ila ujue kazi imefanywa na imefanywa sawasawa.

Imeniuma. Nisijifanye shujaa. Ile ya Hamissi imeniuma mpaka nikashindwa kufundisha kipindi cha mchana cha wale waliobaki kwa marudio.

Wale wanne niliobaki nao wameota miguu. Matamvua yao yalirudi, na wiki hii yameanza kuyeyuka yenyewe, kwa sababu wamekua na wanajiandaa kutoka majini. Aisha asishtuke akiona hivyo kwa wa kwake. Awawekee jiwe la kupandia.

Sasa mimi nina ombi. Hapa Gitega kuna daktari wa macho. Nimemweleza hali yako bila jina, amesema ukungu wa namna hiyo mara nyingi huondolewa, lakini ni lazima akuone. Huwezi kuja kama mgonjwa, najua. Basi njoo kama mtu aliyekuja kunitukana. Panda basi la Shabani asubuhi, mwambie yeye na abiria wote unakwenda Gitega kumwambia mpwa wako ukweli wake. Fika mlangoni kwangu ugombe majirani wakisikia, usinionee huruma, nitavumilia. Kisha tutatokea mlango wa nyuma twende kwa daktari.

Na watakapokuuliza ukirudi kama umenisamehe, sema hapana. Hata ukiwaona wakiwa wameanza kunihurumia mimi, mjomba, usilegee. Sema hapana.

Mwanao,
Riziki